Tulimcheka Ojwang', Wanjau Hatukumjua

Niruhusu nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, ningali mgeni katika kazi ya uhadhiri, niliwachezea wanafunzi wangu wa fonolojia kanda ya Vitimbi ili wasikie jinsi lugha ya kwanza inavyoathiri matamshi ya Kiswahili. Nikawaambia, kwa ule ujasiri wa mtu aliyetunukiwa uzamifu juzi, kwamba Mzee Ojwang' ni kielelezo bora cha Mjaluo anayezungumza Kiswahili. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono.

"Samahani, mwalimu. Huyo ni Mkikuyu."

Darasa likaangua kicheko, na aliyechekwa safari hii hakuwa Ojwang'.

Msichana yule alisema kweli. "Ojwang' Hatari" aliyetuvunja mbavu kwenye runinga ya taifa tangu miaka ya themanini, akizozana na mkewe wa mchezoni, Mama Kayai, jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau. Nilirudi ofisini nikaisikiliza kanda upya, na hapo ndipo nilipotambua uzito wa kazi ya mtu yule.

Kikuyu hakina kitambaza /l/. Ndiyo maana "lala" huponyoka kinywani mwa wengi ikawa "rara". Aghalabu /b/ na /d/ nazo hutanguliwa na nazali, "bado" ikawa "mbando". Kijaluo, kwa upande wake, kina /l/ na /r/ bila tatizo, ila hakina /sh/ wala /z/. Hivyo "shamba" huwa "samba", na "mzee" huwa "msee". Kila alipofungua kinywa, basi, Wanjau alikuwa na kazi mbili kwa mpigo: kuuzuia ulimi wake usimsaliti, kisha kuuvika mazoea ya ulimi wa watu wengine. Aliyafanya hayo huku akikumbuka maneno yake, akimsikiliza mwenzake na kungojea wakati mwafaka wa kuchekesha. Mimi niliyesomea fonetiki miaka na mikaka siwezi kuidumisha lafudhi ya kuazima kwa dakika tano.

Wapo wanaodai kwamba aliwadhihaki Wajaluo. Sikubali. Ojwang' hakuwa kituko kwa sababu ya lafudhi yake. Alikuwa mzee mwenye tamaa, hila na woga wa mke, na wazee wa namna hiyo hawana kabila. Walimu wenzangu, tunaomruhusu mwanafunzi aitwe "Ojwang'" na wenzake kwa kusema "samba", ndio tuliogeuza sanaa ya Wanjau kuwa fimbo.

Walakini, kosa letu kubwa lilikuwa jingine. Tulidhani mtu yule anazungumza tu jinsi alivyoumbwa. Seremala tunamwona akitoa jasho, nasi tunakubali kwamba meza ina bei. Mchekeshaji akiifanya kazi yake vyema, jasho halionekani. Na ambaye kazi yake haionekani, nani atakumbuka kuuliza anakula nini? Mwaka 2012 Wakenya walilazimika kuchangishana fedha ili mzee huyu atibiwe macho. Ukarimu ule ulikuwa wa kusifika. Lakini ni kazi gani nyingine ambayo mtu anaweza kuifanya kwa miaka mingi hivyo, akajulikana na kila mtoto nchini, kisha macho yake yakategemea harambee?

Alifariki Julai 12, 2015, akiwa na umri wa miaka 78. Redio ilipotangaza kifo chake, mama yangu aliendelea kuchambua mchele. "Benson Wanjau ndiye nani?" aliniuliza. Nilipomwambia ni Mzee Ojwang', aliuweka ungo chini, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama ameacha watoto. Zaidi ya miaka ishirini alikuwa akimkaribisha sebuleni kwake kila wiki, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza kuhusu maisha ya mtu yule.

Kanda ile ningali naitumia darasani. Siku hizi huwaambia wanafunzi kwamba msemaji ni Mkikuyu, kisha nawapa zoezi: watafute mahali pamoja tu ambapo Kikuyu chake kimejitokeza. Wengine huirudia hadi usiku. Katika vipande nilivyo navyo, hakuna aliyepaona bado.