Mgeni Aje Jozani, Mwenyeji Apone

Msitu wa Jozani ni hazina kubwa ya kisiwa cha Unguja. Humo wamo kima punju, ambao asili yao ni kisiwani humu tu, na paa nunga, mnyama aliyekwisha kuwa adimu mno. Kwa sababu hiyo Jozani na Ghuba ya Chwaka zilitangazwa mwaka 2004 kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Zanzibar, yenye ukubwa wa takriban kilomita 50 za mraba.

Wageni humiminika kuwatazama wanyama hao na kupita juu ya njia ya mbao iliyojengwa katika mikoko ya Pete. Fedha wanazotoa ni pato la taifa. Lakini yafaa tujiulize: ni nani anayeulinda msitu huo usiku na mchana? Ni wanavijiji wa Pete, Kitogani, Charawe, Ukongoroni na majirani zao. Hao ndio walioambiwa waache kukata kuni, boriti na magogo ya kuchomea chokaa. Hao ndio ambao mashamba yao huingiliwa na kima punju, kwani mnyama hajui mpaka.

Ni kweli kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa vidaka wanavyokula kima punju havikupunguza mavuno ya nazi. Habari hiyo njema haina budi kufikishwa kwa wakulima. Hata hivyo, shamba si minazi mitupu, wala utafiti hautii chungu jikoni.

Tangu miaka ya 1990 ulianzishwa utaratibu wa kutenga sehemu ya viingilio kwa ajili ya wakulima na vijiji jirani. Utaratibu huo ni wa busara, nasi tunauunga mkono kwa dhati. Lakini haki isiyoonekana huzaa manung'uniko. Tunawasihi wahusika wabandike katika kila ofisi ya sheha hesabu ya fedha zilizokusanywa na zilizogawiwa, na malipo yatolewe kwa wakati. Aidha, miti ya kuni na boriti ipandwe karibu na vijiji, ili marufuku iambatane na badala yake.

Nao wananchi wana wajibu wao. Mikoko inayokatwa leo ni mazalio ya samaki wa kesho. Dereva naye akumbuke kwamba matuta yaliyowekwa katika barabara ya Jozani yamepunguza vifo vya kima punju. Asiyapite kwa hasira.

Msitu haulindwi kwa askari peke yao. Hulindwa na jirani anayeona kwamba mti uliosimama una faida kwake kuliko mti ulioanguka. Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekwisha kuja. Iliyobaki ni kuhakikisha kwamba mwenyeji anapona.