Kutazama Treni: Majukwaa, Ishara na Mahali Salama pa Kusimama

Wapo wakazi wa kata zetu, hususan vijana wa Soga na Ruvu, ambao kwao kupita kwa treni ni tukio la kusubiriwa. Wanautambua mngurumo wa kichwa cha dizeli kikiwa bado mbali, na tangu mwaka 2024, reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria, wanabishana iwapo inayokuja ni treni ya kawaida au ni ile ya mchongoko. Burudani hii haina kiingilio. Nchini Uingereza ina hata vitabu vyake: mwaka 1942 Ian Allan alichapisha kijitabu cha namba za vichwa vya treni, na vijana wakawa wanasimama stesheni na kalamu mkononi wakitia alama kila namba waliyoiona.

Shule nzuri ya mtazamaji ni mwisho wa safari, Dar es Salaam. Huko zipo stesheni ya reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, na stesheni ya reli ya kisasa yenye umbo la madini ya tanzanite. Upana kati ya reli mbili za njia ya zamani ni milimita 1,000, na wa njia mpya ni milimita 1,435. Kwa hiyo behewa la njia moja haliwezi kutembea juu ya nyingine.

Mwenye tiketi akifika jukwaani mapema, na atazame jinsi treni inavyogeuza safari. Treni inayovutwa na kichwa huingia kichwa kikiwa mbele. Ili irudi ilikotoka, kichwa hufunguliwa, hupitishwa njia ya pembeni, kisha hufungwa upande wa pili. Muda wote huo jukwaa limeshikwa. Mchongoko una chumba cha dereva kila mwisho. Dereva hutembea tu hadi upande wa pili, na safari huanza. Katika stesheni yenye treni nyingi, dakika hizo ni mali.

Kisha atazame pale reli chache zinazotoka mjini zinapogawanyika kuelekea kila jukwaa. Hapo ndipo treni mbili zingeweza kugongana, na ndipo mitambo ya ishara inapofanya kazi kubwa zaidi. Njia ikishatolewa kwa treni moja, mtambo hukataa kutoa njia nyingine inayoikata, hata mwongozaji akiiomba.

Katika mifumo ya zamani, ishara husimikwa kando ya reli. Dereva anaiona, na mtazamaji naye anaiona. Ikiruhusu, basi treni i karibu. Reli yetu ya kisasa hutumia mfumo wa ishara wa Ulaya wa ngazi ya 2. Vibao viitwavyo baliza, vilivyofungwa katikati ya reli, huiwezesha treni kujua mahali ilipo. Ruhusa ya kusonga mbele na mwendo unaotakiwa humfikia dereva kwa redio, kwenye skrini iliyo mbele yake, na akipitiliza, treni hujifunga breki yenyewe. Usalama wa abiria umeongezeka sana. Lakini aliyesimama nje hana tena ishara ya kumwambia kwamba treni inakuja.

Wala sikio halitoshi. Treni ya umeme haina mngurumo wa dizeli. Katika mwendo wa kilomita 160 kwa saa hupita takribani mita 44 kila sekunde, na huhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama. Anayevuka reli kwa kuwa "hajasikia kitu" anapima treni mpya kwa kipimo cha treni ya zamani.

Hatari nyingine iko juu. Nyaya za reli hiyo zina umeme wa volti 25,000, zaidi ya mara mia moja ya umeme wa nyumbani, na umeme wa kiwango hicho huweza kuruka hewani bila waya kuguswa. Tiara ya mtoto au upondo wa kuangulia maembe ukisogezwa karibu unatosha kuua.

Kwa sababu hizo reli hiyo ina uzio, pamoja na vivuko vya juu na vya chini kwa watu, magari na mifugo. Kivuko cha mbali kinachosha, hasa kwa mwenye mzigo kichwani, na malalamiko hayo yana msingi. Yafikishwe kwenye mkutano wa kijiji ili yaandikwe. Kutoboa uzio si jibu. Kwa watazamaji, simameni nje ya uzio, na stesheni mkae nyuma ya mstari wa jukwaa. Anayetaka kupiga picha amwombe ruhusa mkuu wa stesheni kwanza.

Mkazi akiona uzio umekatwa au waya unaning'inia, asiuguse. Amjulishe mara moja mtendaji wa kijiji au wa kata, na kukiwa na mtu au mnyama ndani ya njia, apige simu ya dharura namba 112.