SOMO LA LEO: SAKAFU YA MASHUA ISITELEZE

Huenda wewe ni mvuvi wa Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Mashua ya faiba ikilowa huteleza, na aangukaye majini usiku huweza kupotea. Basi rangi ya mchanga ikichakaa, fanya hivi.

Kwanza, osha sakafu kwa sabuni. Rangi haishiki penye mafuta ya samaki. Iache ikauke.

Pili, funika pua na mdomo, maana vumbi lake hudhuru mapafu. Kwangua rangi iliyolegea, kisha piga msasa. Usitumie moto: faiba huungua.

Tatu, paka rangi mpya. Ingali mbichi, nyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa. Ikikauka, fagia uliozidi, upake tena.

Swali: Kwa nini mchanga uwe mkavu?