Ukibofya Ujiji, Ufike Ujiji

Katika kitabu chake cha 1872, mwanahabari Stanley anasema alimkuta mpelelezi Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Shajara za Livingstone mwenyewe, zilizochapwa 1874, zinauweka mkutano huo mwishoni mwa Oktoba. Leo mwanafunzi wa Kigoma anaweza kulinganisha maandishi hayo akiwa nyumbani, kwa kuwa vitabu vyote viwili vimeskaniwa na vinapakuliwa bure. Lakini akibofya alamisho ya sura ya Ujiji, huenda akajikuta bado yuko Uvinza na msafara.

Mara nyingi kosa linatokana na kurasa kuhesabiwa kwa namna mbili. Wachapaji wa karne ya 19 waliipa dibaji nambari za Kirumi, wakaanza 1 kwenye sura ya kwanza. Faili la PDF huhesabu kuanzia jalada. Tuseme jalada na dibaji vimechukua kurasa 24: sura iliyochapwa kwenye ukurasa wa 412 iko kwenye ukurasa wa 436 katika faili. Aliyenakili 412 kutoka kwenye yaliyomo amekurudisha nyuma kurasa 24.

Usikimbilie kuhamisha alamisho mojamoja. Pima kwanza pengo kati ya nambari iliyochapwa na ile ya faili kwenye sura ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Likiwa lilelile, ongeza nambari hiyo kwa alamisho zote. Likikua, kuna ramani au michoro ambayo mchapaji hakuipa nambari, jambo la kawaida katika vitabu vya safari vya enzi zile. Hapo gawanya kitabu nusu kwa nusu hadi uone pengo linapobadilikia, na kuanzia hapo tumia hesabu mpya.

Programu ya bure ya pdftk huifanya kazi hii kuwa nyepesi. Amri yake dump_data_utf8 hutoa orodha ya alamisho kama maandishi ya kawaida, na kila moja ina mstari BookmarkPageNumber wenye nambari ya ukurasa. Sahihisha nambari hizo, kisha irudishe orodha kwa update_info_utf8, ukihifadhi faili kwa jina jipya ili la awali libaki salama.

Katika tasnifu, taja nambari iliyochapwa kwenye ukurasa, kwa kuwa ile ya faili hubadilika kati ya skani na skani. Nanyi walimu na waongoza wageni wa Ujiji mnaosambaza vitabu hivi kwa WhatsApp, bofyeni alamisho zote kabla ya kutuma.