Kwa Nini Mgonjwa wa Korona Hupimwa Moyo?

Korona inajulikana kama ugonjwa wa mapafu. Hata hivyo, mgonjwa akilazwa akiwa na hali mbaya, daktari anaweza kuagiza damu yake ipimwe ili kujua kama moyo umeumia.

Kinachotafutwa ni troponini, protini iliyo ndani ya misuli ya moyo. Kwa mtu mwenye afya, kiasi kidogo sana hupatikana kwenye damu. Seli za moyo zikiumia, troponini huvuja na kiwango chake hupanda. Korona huumiza moyo kwa njia kadhaa: mapafu yakilemewa, moyo hukosa oksijeni ya kutosha, damu nayo inaweza kuganda ndani ya mishipa.

Mapema mwaka wa 2020, madaktari wa Hospitali ya Renmin mjini Wuhan, China, waliwafuatilia wagonjwa 416 waliolazwa. Vipimo vilionyesha kuwa 82 walikuwa wameumia moyo, na 42 kati yao walifariki. Miongoni mwa 334 waliobaki, waliofariki walikuwa 15. Zaidi ya nusu ya wale walioumia moyo walikuwa na shinikizo la damu.

Hata hivyo, kipimo hiki si hukumu ya kifo. Troponini inaweza pia kupanda kwa sababu nyingine, kama vile ugonjwa wa figo. Ndiyo maana daktari hurudia kipimo na kukilinganisha na kiwango cha oksijeni na mapigo ya moyo. Kiwango kikiwa juu, mgonjwa huangaliwa kwa karibu zaidi. Mwenye mafua au kikohozi chepesi kwa kawaida hahitaji kipimo hiki.

Mkazi afanye nini?

• Pima shinikizo la damu na sukari katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, hata kama huumwi.
• Ukiugua korona, usiache dawa za presha, kisukari au moyo bila ushauri wa daktari. Mweleze mhudumu dawa unazotumia.
• Pata chanjo ya korona kama unavyoshauriwa. Hupunguza hatari ya kuugua vibaya.
• Ukipata maumivu ya kifua, ukikosa pumzi au ukizirai, nenda hospitalini mara moja. Usingoje kupambazuke.