Mwalimu wa Shule na Moshi wa Magari

Wabunge wa majimbo ya Marekani aghalabu hawajulikani nje ya mitaa iliyowachagua, na lau si mswada mmoja wa mwaka 2002, yumkini Bi. Fran Pavley naye angalibaki kuwa mwalimu wa shule aliyepata kuwa meya wa kwanza wa Agoura Hills, mji mdogo ulio magharibi ya Los Angeles, basi.

Alipochaguliwa kuingia katika baraza la chini la California mwaka 2000, sheria ilikuwa imekwisha kumkatia muda wa miaka sita, haizidi. Mwenye muda mfupi namna ile hutazamiwa kushika mambo mepesi. Yeye alishika gari, kitu ambacho watu wa California hawataki mzaha nacho. Mswada wake ulitaka magari mapya yapunguze gesi zinazozidisha joto la dunia, na wapinzani, wauza magari wakiwamo, wakaeneza habari kwamba serikali yaja kuwanyang'anya watu magari yao makubwa, kuwatoza kodi na kuwapunguzia mwendo barabarani. Jibu, nami naliona kuwa ndilo bora katika kazi yake yote, halikuwa hotuba: mambo yale yale yaliyovumishwa yaliandikwa ndani ya sheria kuwa yameharimishwa, kodi, marufuku na mwendo, hata mwenye kutaka kuwatia watu hofu akakosa la kushika. Mswada ukapita kwa kura 41 katika baraza la watu 80, yaani pasipo kura hata moja ya akiba, na Gavana Gray Davis akautia sahihi mwezi wa Julai.

Ikafuata miaka ya kesi na ya kungoja idhini. Sheria ya shirikisho huiruhusu California, iliyoanza mapema kupambana na moshi wa miji yake, kuomba idhini ya kuweka masharti makali kuliko ya taifa, na majimbo mengine yaweza kuyafuata. Serikali ya Rais Bush iliinyima idhini hiyo mwaka 2007, ya Rais Obama ikaitoa mwaka 2009.

Kabla ya hapo, mwaka 2006, Pavley na Spika Fabian Núñez walikuwa wamepitisha sheria kubwa zaidi, ya kurejesha gesi za jimbo zima, kufikia mwaka 2020, katika kiwango cha mwaka 1990, nayo ilitiwa sahihi na Arnold Schwarzenegger, gavana wa chama pinzani na chake Pavley. Kiwango kilifikiwa mwaka 2016, ingawa si insafu kuipa sheria sifa zote, maana msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008 nao ulipunguza moshi kwa njia yake.

Mwaka huo wa 2016 ndio alioondoka Pavley katika Seneti ya jimbo, alikokuwa tangu 2008, baada ya kupitisha shabaha mpya ya asilimia 40 chini ya kiwango kile kufikia mwaka 2030. Miaka miwili nyuma alikuwa miongoni mwa waliotunga sheria ya maji ya chini ya ardhi, ya kwanza ya jimbo zima, wakati ukame ulipowafanya wakulima wachimbe visima virefu zaidi na zaidi, na ardhi ya bonde la San Joaquin ikawa inatitia; mabonde yaliyo katika hali mbaya kabisa yamepewa hadi mwaka 2040 kusawazisha maji yatokayo na yaingiayo.