Makaa ya Kuchomea Nyama na Kubanikia Samaki: Yapi Yafaa Zaidi?



Kuna swali linalozunguka katika mikutano ya vikundi kuanzia Kikoneni mpaka Lunga Lunga, Msambweni na Ukunda. Je, makaa ya kufinyanga, yale yaitwayo briketi, yanaweza kushindana na makaa ya mti tuliyozoea? Hasa, je, wachoma mishikaki, wachoma kuku na wenye kubanika samaki watayanunua?

Swali hili si la mchezo. Pesa ya kikundi ni jasho la watu. Kikundi kikikopa, kikanunua mashine ya kufinyanga, halafu wanunuzi wakakataa mali, deni linabaki shingoni mwa wanachama. Basi kabla ya kusikiliza maneno matamu ya muuza mashine, hebu tuangalie kazi ya makaa yenyewe.

MAKAA YA KUFINYANGA NI NINI?

Ni vumbi au unga wa makaa uliochanganywa na kitu cha kunata, ukafinyangwa kwa mkono au kwa mashine, kisha ukakaushwa. Jambo hili si geni duniani. Huko Marekani, Ellsworth Zwoyer wa Pennsylvania aliandikisha namna yake ya kuyatengeneza mwaka 1897. Katika miaka ya 1920, Henry Ford, yule mwenye magari, aliona mabaki ya mbao yanamjazia kiwanda huko Michigan. Akayageuza kuwa makaa ya kufinyanga, akayauza pamoja na magari yake.

Jambo la kujifunza hapo ni moja: alianza na takataka aliyokuwa nayo tayari. Sisi huku takataka tunayo pia. Kuna vifuu vya nazi, kuna chenga na vumbi linalobaki chini ya gunia la makaa, kuna unga wa mbao kwa maseremala, na mahali penye mashamba ya miwa kuna makapi yake.

TULINGANISHE AINA NNE

1. Makaa ya mti. Yanashika moto upesi, kwa kawaida dakika 10 hadi 15, na joto lake hupanda juu. Majivu si mengi. Ubaya wake ni kwamba hayako sawa: kipande kimoja kigumu, kingine chepesi, kingine hakikuiva na kinatoa moshi. Mengine hurusha cheche. Mchomaji hulazimika kuongeza mara kwa mara. Tena kila gunia ni mti uliokatwa.

2. Makaa ya vumbi na udongo. Ndiyo rahisi kuliko yote kutengeneza, maana udongo wa mfinyanzi ni bure. Lakini udongo hauwaki. Kila kijiko cha udongo unachotia kinarudi kama majivu. Makaa haya hushika moto polepole na joto lake ni la chini, ingawa hukaa muda mrefu. Yanafaa kuchemshia maharagwe au kuweka chakula moto. Mchoma mishikaki hatarudi kuyanunua mara ya pili.

3. Makaa ya vumbi na wanga. Hapa kinachonatisha ni uji wa unga wa muhogo. Wanga wenyewe huungua, kwa hiyo majivu hupungua na joto huwa zuri. Huchukua kama dakika 20 hadi 30 mpaka yafunikwe na majivu meupe-meupe, ndipo yako tayari. Baada ya hapo joto lake hutulia bila kupanda na kushuka. Adui yake ni maji: yakinyeshewa hubomoka, na yakiwekwa penye unyevu huota ukungu.

4. Makaa ya vifuu yaliyofinyangwa kwa wanga. Haya ndiyo mazuri kuliko yote kwa kuchomea. Kifuu ni kigumu, na makaa yake yana joto kali na majivu machache. Yakifinyangwa vizuri hukaa muda mrefu, hayarushi cheche wala hayana harufu. Taabu yake ni kazi: vifuu 100 kilo vikichomwa vizuri hutoa makaa kilo 25 hadi 30 tu. Kwa hiyo kikundi lazima kiwe na mahali pa kupata vifuu vingi, kwa mfano kwa wanaokausha mbata, kwenye mikahawa, au nyumba zenye shughuli.

Msishangae pia mkiona mifuko ya makaa ya nje madukani. Baadhi ya makaa ya viwandani ya ng'ambo hutiwa makaa ya mawe, na chokaa ili majivu yaonekane meupe. Uzuri wa mfuko si uzuri wa makaa.

KUCHOMA NI KUMOJA, KUBANIKA NI KWINGINE

Hapa watu wengi huchanganya mambo.

Kuchoma mishikaki kunataka joto kali kwa muda mfupi. Nyama ishikwe nje, ndani ibaki na maji yake. Kuku na samaki mzima wanataka joto la wastani, la sivyo ngozi inaungua na ndani bado kubichi.

Pima kwa kiganja. Weka mkono juu ya wavu, mahali nyama itakapokaa, uhesabu polepole. Ukiuondoa kabla ya kufika tatu, moto ni wa mishikaki. Ukifika tano au sita, ni wa kuku na samaki. Ukipita nane, moto umekwisha, ongeza makaa.

Kubanika kwa moshi ni habari nyingine. Makaa mazuri, yawe ya mti au ya kufinyanga, hayatoi moshi. Huo moshi ulitoka siku yale makaa yalipochomwa. Kwa hiyo anayesema "makaa haya ni mabaya kwa kubanika kwa sababu hayatoi moshi" anayalaumu bure. Kazi ya makaa ni kuleta joto tulivu. Moshi mnauongeza wenyewe kwa makumbi ya nazi yaliyoloweshwa kidogo, au vipande vya mti mkavu safi kama mwembe. Hapo ndipo makaa ya kufinyanga yanapopata heshima yake, kwa sababu joto lake halirukiruki na mama habaki kupepea saa zote.

Jiko la kubanikia lililofungwa pembeni, lenye trei za wavu zinazopangwa moja juu ya nyingine, huokoa moto mwingi. Jiko la namna hii lilianzia kijiji cha wavuvi cha Chorkor, Ghana, na limeenea nchi nyingi za Afrika. Laweza kujengwa kwa udongo wa hapa hapa.

Mkumbuke: moshi peke yake hauhifadhi samaki. Samaki aliyebanikwa akabaki laini ni chakula cha leo na kesho. Wa kuwekwa siku nyingi lazima akauke sawasawa.

FANYENI JARIBIO LENU

Msikubali maneno ya mtu, hata ya gazeti hili. Jaribuni wenyewe mbele ya wanachama wote:

(a) Pimeni kilo moja ya kila aina kwa mizani. Msipime kwa debe! Makaa ya kufinyanga ni mazito, na debe lake lina kilo nyingi kuliko debe la makaa ya mti. Mnunuzi asiyejua hilo ataona mnauza ghali.

(b) Tumieni jiko moja, sufuria moja yenye kifuniko, na maji lita 2, mahali pasipo upepo.

(c) Mmoja ashike saa, mwingine aandike: dakika za kushika moto, dakika za maji kuchemka, na muda ambao jiko limeendelea kuchemsha.

(d) Mwisho pimeni majivu kwa kikombe.

(e) Dondosheni briketi kutoka kimo cha kiuno mara tatu. Ikivunjika vipande viwili si neno. Ikisagika, haitafika Ukunda kwa matatu.

Sasa pigeni hesabu ya bei kwa saa. Namba hizi ni za kufundishia tu, wekeni za kwenu. Makaa ya mti ni shilingi 60 kilo, yanakaa saa 2: hiyo ni shilingi 30 kwa saa. Ya vumbi na wanga ni shilingi 50, yanakaa saa 2 na nusu: shilingi 20 kwa saa. Ya udongo ni shilingi 30, lakini moto unaofaa kupikia unakaa saa 1: shilingi 30 kwa saa. Mnaona? Cha rahisi chaweza kuwa ghali.

NAMNA YA KUTENGENEZA BILA MASHINE

1. Chomeni vifuu vikavu katika pipa lenye matundu madogo chini. Anzeni na vichache, vikishika ongezeni kidogo kidogo. Moshi ukipungua na kuwa mwembamba, funikeni pipa na kuziba kwa udongo juu na chini. Liacheni mpaka kesho yake. Likifunguliwa mapema, hewa huingia na yote huwa majivu.

2. Twangeni na kuchekecha. Jifungeni kitambaa puani, maana vumbi lile ni baya kwa kifua.

3. Kwa kilo 10 za unga wa makaa, pikeni uji wa nusu kilo ya unga wa muhogo kwa maji kama lita 4. Uji ukiwa bado moto, changanyeni vizuri. Ongezeni maji kidogo kidogo mpaka tonge likifinywa lishikane bila kuchuruzika.

4. Finyangeni matonge ya kadiri ya yai, au tumieni kopo kama kalibu. Yote yawe kadiri moja ili yawake pamoja.

5. Anikeni siku 3 hadi 5 za jua kali. Wakati wa masika, kausheni chini ya paa penye upepo. Briketi mbichi ndiyo inayoharibu jina la kikundi: nje kavu, ndani maji, jikoni moshi.

Fanyeni hivi miezi michache kwa mikono. Wateja wakiwa wengi kuliko mikono yenu, hapo ndipo mzungumze habari ya mashine.

MAMBO YA HATARI

Kwanza, hewa ya makaa. Makaa ya aina yoyote, hata yasiyotoa moshi, hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haionekani wala hainuki. Watu hulala na jiko ndani kwa sababu ya baridi au mbu, na asubuhi hawaamki. Usiingize jiko la makaa chumbani milango ikiwa imefungwa. Mtu akiumwa kichwa, akasikia kizunguzungu na kichefuchefu karibu na jiko, mtoeni nje mara moja apate hewa, kisha apelekwe zahanati.

Pili, vitu visivyofaa karibu na chakula. Msitumie mbao zenye rangi au dawa, wala unga wa plaiwudi. Msiwashie kwa plastiki. Mafuta ya taa huacha harufu yake kwenye nyama. Washeni kwa makuti au vijiti vikavu. Maganda ya korosho yana mafuta makali yanayochoma ngozi, na moshi wake huwasha macho na kifua. Wale waliokaanga korosho wanajua. Hayo yasiwekwe chini ya samaki.

Tatu, mafuta ya nyama yakidondoka motoni huwaka na kufukiza moshi mweusi unaoganda kwenye nyama. Moshi ule una vitu vinavyoweza kuleta saratani. Sogezeni makaa pembeni, na sehemu iliyoungua ikatwe.

SHERIA NA SOKO

Kanuni za makaa za mwaka 2009 zilitaka anayesafirisha makaa kwa biashara awe na kibali. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na marufuku hiyo ilitangazwa kuondolewa Julai 2023. Amri hizi hubadilika. Kabla ya kupakia gunia la kwanza, tumeni wanachama wawili ofisi ya misitu waulize kibali gani chahitajika, na waeleze kwamba mali yenu ni ya vifuu.

Msitu wa Mrima uko mlangoni petu, na ndio unaotuletea kivuli na mvua. Kule Gazi, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanatunza mikoko na kupata pesa kwa kuiacha isimame. Fedha zimesaidia maji na shule. Basi mti uliosimama nao una bei yake.

Kwa soko, msianze na hoteli kubwa za Diani. Wao hutaka mali nyingi, ya namna moja, kila wiki, na malipo yaweza kuchelewa. Anzeni na wachoma mishikaki watatu wa sokoni. Wapeni kilo mbili mbili wajaribu jioni moja, nanyi mkae pale muone. Mwambieni mapema kwamba makaa haya huwashwa nusu saa kabla ya wateja kufika. Asipojua hilo atayatupa kabla hayajashika. Anayetaka moto wa haraka anaweza kuanza na makaa ya mti machache chini, ya kufinyanga yakakaa juu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, vifuu hutupwa wapi, na kwa wiki tunaweza kukusanya kilo ngapi?
2. Unga wa muhogo tutautoa wapi bila kupunguza chakula cha watoto?
3. Nani atashika daftari la jaribio, na nani la mauzo?
4. Wakati wa mvua tutakaushia wapi?
5. Tukihesabu kazi ya mikono yetu, je, faida inabaki?

Swali la tano lisirukwe. Vikundi vingi huhesabu unga na usafiri, vikasahau siku ya mama aliyeshinda akitwanga. Kazi yake nayo ina bei. Iandikeni daftarini kwanza, halafu mpange bei ya kilo.